Vidole Chini ya Dawati

Wiki tatu zilizopita tulimzika Metre Uketi, aliyenifundisha darasa la sita, siziemu kama tunavyoliita hapa Bunia, na tangu siku ile vidole vyangu havitulii. Namfunga mgonjwa bandeji, navyo vinajihesabia vyenyewe. Nasimama bombani kungoja maji, kidole gumba kinanyanyuka, cha shahada kinafuata: sita. Wauguzi wenzangu wachanga wananicheka, wanasema mama amezeeka, anaongea na mikono. Waache wacheke. Nina mwaka mmoja wa utoto ambao sikuwahi kuusimulia jinsi ulivyokuwa, na kwa kuwa sasa nimeshausema mbele ya watu, naona heri niuandike pia kabla kichwa hakijaanza kunidanganya.

Matanga yalikuwa nyumbani kwake Mudzipela, saa nane mchana, chini ya turubai la bluu lililofungwa kati ya paa la nyumba na mti wa avoka. Wanawake walikuwa wanapika maharage nyuma ya nyumba, moshi ukatuingia machoni na kuwasaidia wale waliokuwa wameshindwa kulia. Sanduku la Metre lilikuwa katikati, juu ya meza mbili zilizounganishwa. Roza, binti yake mkubwa, alinijia na daftari la majina ya watakaosema neno.

"Mama Mave, weye utasema kwa upande ya banafunzi ya zamani," aliniambia. "Juu batu bote banajua ni weye ulimusaidiaka ule mutoto bubu. Ile histware Papa alikuwa anaipenda sana."

"Papa yako njo alikuambia ni miye nilimusaidiaka?"

Roza alitikisa kichwa. "Papa hakusemaka kitu. Batu bakianza kuongea ile maneno, yeye alikuwa anacheka tu."

Nilijua kwa nini alikuwa anacheka. Sifa ile nimeila tangu nina miaka kumi na mbili. Nimeila harusini na kanisani, na hata kazi yangu ya kwanza hospitalini niliipata nusu kwa sababu mtu mmoja alisema, huyu ana moyo, huyu ndiye aliyemsaidia mtoto asiyesikia. Sikuwahi kuitapika. Nilikuwa bado natafuta maneno ya kumwambia Roza aweke jina la mtu mwingine, ndipo geti likafunguka na Afoyo, yule mtoto mwenyewe asiyesikia, akaingia. Sikuwa nimemwona kwa miaka mingi sana. Nilisikia tu kwamba alirudi kutoka Mahagi, kwamba ni mwalimu siku hizi, hapa hapa mjini, katika shule ambako watoto wanaosikia na wasiosikia wanakaa dawati moja. Alikuwa amekuja na wanafunzi wake sita, sare za bluu na nyeupe, wanaongea kwa mikono wote, na ukiwatazama hukuweza kujua ni nani kati yao anasikia na ni nani hasikii. Nilijaribu kubahatisha, nikashindwa. Aliponiona hakunikumbatia. Alisimama mbele yangu, mnene, mwenye mvi, na kitambaa kizuri kichwani, akainua mkono mmoja. Vidole viwili. Vidole vinne. Kidole kimoja juu ya kingine. Gumba na cha shahada. Kisha akangoja, macho yanacheka.

Lilikuwa swali la hesabu, na mimi, mwanamke mzima ninayepima dawa za watoto kila siku, nilishindwa kulijibu. Ni hivyo hasa nilivyokuwa nimeshindwa mara ya kwanza.

Ya nyumbani kwetu sitayaeleza. Wazazi wangu walikuwa wazazi kama wengine, wakali Jumatatu, wapole Jumapili. Ninachokikumbuka ni lile darasa: matofali mabichi yaliyopakwa chokaa hadi usawa wa mabega, madirisha yasiyo na vioo, bati juu bila dari, na harufu ya chaki na nguo zilizokauka vibaya. Tulikaa watatu au wanne kwa dawati. Dawati langu lilikuwa la tatu kutoka mbele, na nilikuwa na nafasi pembeni kwa sababu mwenzangu alikuwa ameolewa, ndiyo, katika siziemu, lakini hiyo ni habari nyingine. Wiki ya pili ya mwaka Metre aliingia na msichana mrefu aliyekumbatia kibao chake kifuani. Kibao cheusi cha mkono, ardwaze, kila mmoja wetu alikuwa nacho. Chake kilikuwa na mpini wa kamba.

"Huyu anaitwa Afoyo," Metre alisema. "Anatoka Mahagi, anakaa kwa tantine yake, Mama Marta mwenye kuuzisha makayabo. Hasikie, hasemi. Batoto iko bengi humu ndani, miye siwezi kufundisha masikio. Nimemupa mpaka Pasaka. Kama hapate nusu ya pwen, anarudia kwabo."

Alilisema hilo mbele yetu sote, naye Afoyo alikuwa anamtazama mdomoni bila kupepesa. Metre hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye koti moja la kahawia na mkono wa kulia mweupe kwa chaki hadi kwenye kiwiko. Leo ningemtetea zaidi ya nilivyoweza kumtetea siku ile. Hakuna aliyemfundisha kufundisha mtoto wa namna hiyo, na wengine wangemkataa mlangoni. Lakini Pasaka ilikuwa imetajwa, na tangu siku hiyo darasa zima lilijua kwamba huyu mgeni ana tarehe ya kuondoka.

Kila asubuhi tulianza na kalkil, hesabu za kichwa, na kalkil ilikuwa na desturi yake ambayo Metre hakuibadilisha hata siku moja. Alisimama nyuma ya darasa, migongoni mwetu, kwa kuwa alitaka kichwa kifanye kazi, si macho. Alitaja hesabu mara moja tu, kwa Kifaransa. Akagonga dawati la nyuma mara moja kwa late yake, ile rula ndefu ya mbao: andika. Akagonga mara mbili: inua. Vibao vyote vilipanda juu kwa pamoja, naye akapita akitazama na kuandika pwen zetu, yaani alama, katika daftari lake. Alipomaliza alikuja mbele, akapitisha kiganja hewani polepole, na sisi tukafuta kwa mkono wa nguo au kwa mate. Hesabu kumi kila siku. Mtoto asiyesikia, mwalimu yuko mgongoni, hesabu haiandikwi popote. Hata kama ungekaa chini kutafuta njia ya kumnyima Afoyo zile pwen, usingepata iliyo safi kuliko hiyo.

Metre alimkalisha pembeni yangu, na siku tatu za kwanza aliinua kibao kitupu. Aliinua kwa wakati, na hilo peke yake lilinishangaza, hadi nilipoona kwamba anaweka kiganja juu ya dawati. Late ikigonga nyuma, mbao zinatetemeka, naye alizisikia kwa ngozi. Siku ya nne Metre akasema, "Ventikatre fwa sis," ishirini na nne mara sita, na mimi, ambaye hesabu ilikuwa adui yangu wa damu, nikaanza kuhesabu kwa vidole chini ya dawati. Viwili, halafu vinne, ili nisisahau. Afoyo akaniangalia mkono. Akauvuta hadi kwenye paja lake, akanikunja vidole na kuvikunjua upya, kwa haraka, kama mtu anayemrekebishia mtoto vifungo vya shati. Alinionyesha namna ya kwao: kila kidole ni moja, gumba peke yake ni tano, gumba na kidole kimoja ni sita, kiganja wazi si tano bali tisa, ngumi ni sifuri, kidole kimoja juu ya kingine ni mara. Mkono mmoja unatosha. Nikampa ile sita. Chaki yake iligusa kibao mara tatu tu: 144. Mimi nilikuwa sijamaliza hata kuogopa. Late ikagonga mara mbili, nikachungulia kibao chake, nikaandika vilevile, nikainua. Metre alipita, akasimama nyuma yangu, akasema, "Ah, Mave." Hakuwahi kulisema jina langu kwa sauti hiyo.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na nataka iwe wazi ilivyokuwa. Mimi nilimpa swali. Yeye alinipa jibu. Kila asubuhi, mara kumi, wiki hadi wiki. Kutoka pwen tatu kwa kumi nilipanda hadi tisa, naye pia tisa, na Metre akaanza kusema kwamba Afoyo anaendelea vizuri "juu Mave anamusaidia". Watu walituona tumeinamiana wakaona huruma. Nami nilikubali. Nilijiambia kwamba bila masikio yangu asingepata kitu, jambo ambalo ni kweli, na nikaacha kujiambia ile nusu nyingine.

Nilikuwa namshangaa, hiyo nayo ni kweli. Hata leo, nikisoma vitabu vya kazi yangu vinavyoeleza jinsi watoto wanavyojifunza kwa wenzao, nasema hapana, hamkumwona Afoyo. Wasichana wakicheza nzango uani, ule mchezo wa kuruka, kupiga makofi na kutupa mguu mbele ya mwenzako, walimkatalia kwa kuwa hasikii wimbo. Alisimama pembeni siku mbili akitazama. Siku ya tatu aliingia katikati bila kuitwa, akamshinda wa kwanza, wa pili, wa tatu, wasichana saba mfululizo, hadi vumbi likatufunika. Hakuwa anafuata wimbo wala makofi. Alikuwa anatazama nyonga. Nyonga inasema mguu gani unakuja kabla mguu wenyewe haujajua. Baada ya hapo timu zote mbili zilikuwa zinamgombania. Ishara zake zikaanza kutumika na watu ambao hawakuwa na haja nazo: wasichana waliomba maji kwa mkono wakati wa somo, wakasengenyana kwa vidole. Kila mtu akapewa jina la mkono. Langu lilikuwa kuvuta sikio. La Metre lilikuwa kupangusa kiwiko, kwa ile chaki.

Jumamosi nilikula kwa Tantine Marta, shangazi yake Afoyo. Jiko lake lilikuwa chumba cha udongo chenye mlango mfupi, mbabula mbili za mkaa, na makayabo, samaki wakavu wa chumvi, yamening'inia ukutani. Tulikaa juu ya vigoda, bugali ya muhogo katikati, mchicha wa lenga-lenga pembeni, samaki katika nyanya. Siku moja jirani aliingia kuomba moto, akasimama na mgongo wake kwetu, akaanza.

"Marta, huyu mutoto unamupotezea wakati. Masomo itamupeleka wapi? Umufundishe kuosha samaki, umutafutie bwana mwenye hapigake."

"Metre anasema anapata pwen."

"Pwen! Ni yule mutoto ingine anamuandikia. Batu banaona."

Nikalishikilia tonge langu mkononi. Tantine Marta aligeuza samaki tu. Afoyo alikuwa anayatazama mabega ya yule jirani, akanigeukia na kunionyesha kwa mikono: anasema nioshe samaki. Nilishtuka. Hakuwa ameona mdomo wake hata kidogo. Baadaye nilimwuliza amejuaje, akainua mabega, akanionyesha kwamba watu wakisema habari hiyo mabega yao yote hukaa hivyohivyo. Alicheka, akaendelea kula. Mimi ndiye niliyeshindwa kumaliza chakula, kwa sababu ya lile neno, anamuandikia.

Kosa langu lilikuja wiki chache kabla ya Pasaka. Asubuhi ile mawazo yangu yalikuwa kwenye kiatu kilichokuwa kinanibana. Metre akasema, "Trantisis fwa senk." Thelathini na sita mara tano. Nikatoa vitatu, nikatoa gumba na kimoja, nikavikalisha vidole viwili, na mwisho, badala ya gumba peke yake, kidole cha shahada kikasimama nacho. Sita. Afoyo akaandika 216 bila kusita, nami nikanakili 216 bila kufikiri. Late ikagonga mara mbili. Darasa zima liliinua 180 au upuuzi wake binafsi. Katikati, pamoja, bega kwa bega, vibao viwili vyenye kosa moja.

Metre alikuja mbele polepole. Alivitazama vibao, akatutazama sisi. "Huyu anakopie," alisema, na kidole chake kilikuwa kwa Afoyo. "Siku zote nilikuwa nawaza ni akili. Kumbe anakopie. Mave, weye uliona?"

Ulikuwa mwanya wangu, mpana kama mlango wa kanisa. Nilisema, "Sijue, Metre."

Alimhamisha siku hiyohiyo, dawati la kwanza, peke yake, ukutani. Afoyo hakuelewa mara moja. Alipoelewa aliniangalia mara moja tu, kisha akachukua kibao chake na kamba yake akaenda. Siku nne alikaa pale na kiganja juu ya mbao, na kila late ilipogonga mara mbili aliinua kibao kitupu, juu kabisa, mkono umenyooka, kama mtu mwenye jibu. Mara kumi kila asubuhi. Hakuwahi kukiinua nusu. Mimi nikaanguka hadi pwen mbili, Metre akaniuliza kama ni mgonjwa, nikasema ndiyo. Kwa hiyo nilikuwa nimemdanganya mara mbili.

Alhamisi hakuja. Nilikwenda kwa Tantine Marta baada ya shule, nikamkuta anakunja nguo katika mfuko. "Metre aliniita," aliniambia bila ukali, na hilo liliniumiza zaidi. "Amesema aende tu. Kamyo ya Mahagi inatoka Jumamosi. Kesho atakuja kuaga benzake." Afoyo alikuwa jikoni. Aliponiona alichukua kipande cha mkaa akachora sakafuni: 36, vidole viwili vilivyokatizana, kisha gumba peke yake. Chini yake akaandika 180, ile aliyoiona kwenye vibao vya wenzetu. Halafu akachora tena, gumba na kidole kimoja, na akakigonga kile kidole cha pili kwa mkaa hadi ukavunjika, akininyooshea mimi. Alikuwa na hasira ambayo sijawahi kuiona kwa mtoto tangu hapo. Hakuwa anasema umeniponza. Alikuwa anasema, hesabu yangu ilikuwa sahihi, ulichonipa ndicho kilichokuwa kibovu. Nilikaa chini nikalia. Baada ya muda mrefu akasukuma sahani ya samaki mbele yangu kwa mguu, bila kuniangalia, nami nikala nikiwa bado nalia, kwa sababu nilikuwa na njaa.

Ijumaa mvua ilianza Metre akiwa ndiyo kwanza anafungua daftari la pwen. Ambaye hajawahi kusoma chini ya bati lisilo na dari hajui mvua. Ulimwengu wote ulifungwa. Metre alitaja hesabu ya kwanza, tukaona mdomo tu. Akarudia kwa kupiga kelele, mishipa ikamtoka shingoni, hakuna kitu. Aligeuka kushoto na kulia na ile late yake, na nikamwona, kwa mara ya kwanza, mtu mzima anayesema na hasikiki. Nikatazama mbele. Afoyo alikuwa amegeuka nyuma anatutazama, watoto wote tumefunga nyuso, tumekunja macho, hatujui tufanye nini. Kwake hakuna kilichokuwa kimebadilika. Sisi ndio tuliokuwa tumefika mahali anapoishi yeye, na wengi wetu hatukujua hata njia ya kuombea maji.

Sijui miguu yangu ilipata wapi ruhusa. Nilimfuata Metre, nikasimama kwa ncha za vidole vya miguu nikamwambia sikioni: "Metre, uniambie mu sikio. Miye nitasema na mikono." Aliniangalia kama anayemwona mwendawazimu. Kisha, nadhani kwa uchovu tu, akainama akanipa: arobaini na nane mara ishirini na tano. Nilienda mbele ya ubao, nikainua mkono juu ya kichwa, hadharani, ule mkono uliokuwa umejificha chini ya dawati tangu mwanzo wa mwaka. Nne. Nane. Vidole viwili vimekaliana. Mbili. Gumba peke yake, na nilikikunja kidole cha shahada kwa mkono mwingine ili kisinifanyie tena. Afoyo aliandika. Metre akagonga mara mbili, na ingawa hakuna aliyesikia, mkono wa Afoyo uliokuwa juu ya mbao ulisikia, naye akainua: 1200. Na nyuma yake, mmoja hapa, mwingine pale, vibao vingine tisa au kumi vikapanda, vya watoto waliokuwa wanasengenyana kwa vidole. Baadhi vilikuwa na majibu mabovu, lakini swali walikuwa wamelipata. Nywele zilinisimama. Bado zinanisimama sasa hivi, na kalamu iko mkononi.

Metre alikuja hadi kwangu. Akainama: "Unamupa jibu?"

"Hapana, Metre. Namupa hesabu. Jibu ni yake." Mvua iliendelea kupiga. Nilijua hakuna mwingine duniani anayesikia, na labda ndiyo maana niliweza. "Na yangu pia ilikuwa yake. Zote. Ile siku miye njo nilikosea vidole. Miye njo nilikuwa nakopie."

Hakunipiga. Kisha akamwendea Afoyo, akaweka late mezani, akainua mkono wake mweupe wa chaki, na taratibu, akichungulia wangu, akajaribu: saba, mara, tisa. Alikosea saba. Afoyo akasimama, akamshika Metre vidole vyake, akamkunja kimoja na kumkunjua kingine, kama alivyonifanyia mimi. Darasa zima lilimwona mwalimu anafundishwa kuhesabu, na hakuna aliyecheka. Mvua ilipopungua alirudi kwangu, akasema chini chini: "Pwen zako za kalkil ni zero, tangu mwanzo. Lakini hii maneno miye sitasema kwa mutu. Utasema weye mwenyewe." Jioni alikwenda mwenyewe kwa Tantine Marta, na mfuko wa nguo ukafunguliwa. Tangu wiki ile kalkil yetu ilifanyika kwa mkono, Metre mbele, kila siku, mvua au jua. Late aliibakiza kwa kugonga tu.

Mwisho wa mwaka ulikuja na proklamasyo. Kila mtu hapa anajua jinsi inavyokuwa: wazazi uani juu ya madawati yaliyotolewa nje, pudre nyeupe ya kummwagia anayepita imefichwa mikobani, direktere, mkuu wa shule, anasoma majina ya waliopita kuanzia wa kwanza, na asiyeitwa hadi karatasi inakunjwa, basi. Afoyo alikaa kwenye dawati la mbele, kiganja juu ya mbao. Jina la nne lilikuwa lake. Metre alisogea akagonga lile dawati kwa late, mara mbili, taratibu, naye akasimama. Tantine Marta alimmwagia kopo zima la pudre, akawa mweupe hadi kope. Nilipiga makofi na kungoja langu. Direktere alisoma, akasoma, akakunja karatasi.

Watu waliponipita nilisikia: "Maskini Mave. Amepoteza mwaka juu ya ule mutoto bubu." Mama mmoja alinibusu kichwani. Nilitazama upande wa Metre. Alikuwa ananitazama, anangoja. Sikusema. Afoyo alikuja kupitia katikati ya watu wote, akainamisha kichwa, akakikung'uta kwa mikono miwili juu yangu, na pudre yake ikaniangukia nywelani na mabegani, hadi nikawa mweupe kama aliyepita. Alijua kila kitu, na ndiye pekee aliyefanya vile. Nilirudia siziemu. Mwaka mzima wa pili Metre aligonga late na kunitazama, na hakusema hata neno, wala mwaka uliofuata, wala hadi kufa kwake.

Basi Roza alipolisoma jina langu chini ya turubai, nilikwenda mbele, nikasimama kando ya sanduku, na nikasema kwa mdomo na kwa mikono, ili Afoyo na watoto wake wapate. Nilisema: "Banasema nilimusaidia Afoyo. Ni bongo, si kweli. Yeye njo alinibeba, na siku alianguka kwa kosa yangu, nilinyamaza. Metre alijua. Alinipa muda nijisemee, nikamungojesha mpaka leo." Nilieleza vibao viwili, nikaeleza ile hesabu, thelathini na sita mara tano, nikainua mkono niwaonyeshe, na kidole changu cha shahada, ambacho siku hizi kinauma na hakikunjiki vizuri, kikasimama chenyewe kando ya gumba. Sita. Tena.

Afoyo alicheka. Alicheka kwa sauti yake kubwa isiyojisikia, matangani, mbele ya maiti, hadi wazee wakageuka. Akaja, akanishika kile kidole, akakikunja mahali pake. Akakishikilia muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akamgeukia Metre, akakunja ngumi, na akagonga sanduku mara mbili.

Kuna aliyeguna kwa hofu. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshapanda juu, mtupu, umenyooka. Na kule nyuma, kati ya viti, nikaona mkono mwingine umepanda, wa mwanamume mwenye upara, na wa tatu, na wa mwanamke aliyekuwa amebeba sufuria, na mingine, saba, minane. Walikuwa wa darasa letu lile, na sikuwa nimemtambua hata mmoja wao hadi wakati huo. Afoyo alitupitia kwa macho mmoja mmoja, bila haraka, kama Metre alivyokuwa anapita kutazama vibao. Alipofika kwangu alisimama. Kisha akainua kiganja, akakipitisha hewani polepole.

Tukafuta.